Usiivute kwa Nati: Tulivyorudisha Klachi na Giaboksi ya Land Rover ya Babu

Mwanzoni mwa muhula huu nilifika chuoni nimechelewa wiki moja, kucha nyeusi kama za muuza mkaa. Wenzangu wa chumbani waliniuliza nilikuwa wapi. Nikawajibu nilikuwa chini ya gari. Walicheka, na mmoja akasema nimepata kazi ya utingo. Tangu siku hiyo nimeulizwa sana, kwenye foleni ya chakula hadi kwenye semina, hiyo kazi ya giaboksi inafanywaje na mtu wa ualimu ameingiaje humo. Nimeona niandike mara moja nipumzike.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pikapu ya turubai, petroli. Kwa wasiozijua, Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, na hizi za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Zilikuwapo fupi za inchi 88 na ndefu za inchi 109, namba hizo zikiwa ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Yetu ni ile ndefu. Injini yake ina silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286, na gia ni nne za mbele pamoja na giaboksi ndogo ya pili nyuma yake, ambayo mafundi wanaiita transfa, kwa ajili ya milima na matope. Babu aliinunua kwenye mnada wa magari chakavu, akaipeleka nyumbani Karatu, na tangu hapo imekuwa ikishuka Mang'ola kubeba vitunguu na kupandisha watu siku za mnada. Babu alipofariki ikawa mikononi mwa Baba Mdogo. Niseme wazi kwamba sehemu ya ada yangu ambayo mkopo hauigusi hutoka kwenye vitunguu hivyo. Gari likilala, na mimi nalala.

Mwezi Agosti nilikuwa nimetoka field, ambako nilifundisha fizikia wiki kadhaa. Mada mojawapo ilikuwa msuguano. Nilivuta kipande cha mbao juu ya meza kwa mizani ya springi, wanafunzi wakaandika namba, tukamaliza. Nafika nyumbani nakuta gari limeegeshwa chini ya mti na Baba Mdogo anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Mgongo ulikuwa umemkataa. Daktari alimkataza kunyanyua kitu chochote kizito kwa miezi mitatu. Na klachi ilikuwa imekwisha.

Klachi ni nini hasa? Chukua sahani ya plastiki, ibane katikati ya viganja vyako viwili, kisha umwombe mwenzako aizungushe. Ukibana kwa nguvu, sahani na viganja vinakwenda pamoja. Ukilegeza, sahani inazunguka peke yake na mikono yako imetulia. Ndani ya gari, kiganja kimoja ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa mwisho wa krenki ya injini. Kiganja cha pili ni presha pleti, yenye springi inayobana muda wote. Sahani ya katikati ni klachi pleti, iliyovikwa ngozi ngumu ya msuguano pande zote mbili, na katikati yake kuna tundu lenye meno. Shafti ya mbele ya giaboksi, nayo ina meno, huingia kwenye tundu hilo. Ukikanyaga pedali unalegeza kiganja: injini inaendelea kuzunguka, giaboksi inabaki huru, nawe unabadilisha gia. Ukiachia, vinabanana tena. Ni msuguano ule ule wa kipande changu cha mbao, isipokuwa huu unapandisha magunia ya vitunguu kutoka bonde la Eyasi.

Kwa hiyo ngozi ya pleti ikiisha, unasikia injini inanguruma na gari halipandi. Mafundi husema klachi inateleza. Kinyume chake ni pale unapokanyaga hadi chini na gia zinasaga meno kwa sababu pleti haijaachia. Hapo wanasema klachi haikati. Yashike haya mawili, maana ya kwanza ndiyo iliyotupeleka chini ya gari na ya pili ndiyo iliyoturudisha tena.

Kulikuwa na fundi mmoja mjini aliyetaka hela ambayo hatukuwa nayo. Baba Mdogo alikaa siku mbili akifikiri, siku ya tatu akaniambia, "Mama, wewe utakuwa mikono yangu." Kwetu baba humwita binti "mama", na ukiitwa hivyo kwa sauti ile huwezi kukataa. Aligeuza ndoo, akaketi juu yake karibu na mlango wa gari, nami nikavaa ovaroli lake. Mdogo wangu wa kidato cha pili ndiye alikuwa msaidizi.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, kuna jambo moja la Land Rover hizi ambalo linaweza kuua mtu. Hendibreki yake haikamati magurudumu. Inakamata dramu iliyoko nyuma ya transfa, mahali propela ya nyuma inapofungwa. Ukishafungua propela, hendibreki haishiki chochote kinachokwenda kwenye tairi, na gari linaweza kukutembelea ukiwa umelala chini yake. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kwanza, halafu fungua nati ya kwanza. Sisi tuliweka mawe manne, na Baba Mdogo akamtuma mdogo wangu kuongeza la tano.

Kutoa sitakaa sana, kwa sababu ni kazi ya subira tu. Giaboksi ya gari hili haishukii chini kama za magari mengi. Inatolewa kupitia ndani, wanapokaa watu. Unang'oa sakafu ya mbele, kifuniko cha katikati na boksi zima la viti. Unafungua propela zote mbili, waya wa spidomita, vyuma vya hendibreki na silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni. Unaweka jeki na kipande cha ubao chini ya sampu ya injini, maana giaboksi ikiondoka mkia wa injini unakosa pa kuegemea. Halafu unafungua nati zinazoshikilia kengele, yaani lile kava la mbele la giaboksi ambalo kweli lina umbo la kengele, unairudisha nyuma na kuinyanyua. Tulikuwa tumevua turubai, tukaning'iniza chenibloku kwenye tawi nene. Giaboksi pamoja na transfa ni zaidi ya kilo 100. Usimwamini rafiki anayesema "tutaibeba".

Ilipotoka tuliona ugonjwa. Klachi pleti ilikuwa imelika hadi kwenye riveti, na imelowa oili. Baba Mdogo akaniambia ninuse. Nilidhani ananitania. Kumbe oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti na oili ya injini haina, kwa hiyo pua ndiyo inayokuambia sili gani imekufa. Yetu ilinuka. Sili ya shafti ya mbele ya giaboksi ndiyo iliyokuwa inavuja. Tungebadilisha pleti bila kubadilisha sili tungerudi pale pale kabla ya Krismasi.

Kulikuwa pia na vumbi jeusi limejaa ndani ya kengele. Kwa miaka yote Baba Mdogo amekuwa akilipuliza kwa mdomo. Nilimkataza, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumkataza kitu. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Huleta saratani miaka mingi baadaye. Tulilifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, tukakitia kitambaa kwenye mfuko na kuufunga. Baba Mdogo hakusema neno, ila siku iliyofuata nilimwona akimkemea jirani aliyekuwa anapuliza breki za bodaboda.

Sasa kurudisha, ambako ndiko kwenye kazi.

Anza na uso wa flaiwili. Uangalie kama una nyufa au madoa ya bluu yanayoletwa na moto. Ukiwa na mifereji mirefu upeleke karakana ukachongwe. Wetu ulikuwa na mikwaruzo midogo tu, tukaupiga msasa mwepesi na kuufuta kwa petroli hadi kitambaa kikatoka safi. Kuanzia hapo usiushike kwa vidole vyenye grisi. Kidole kimoja cha grisi kinatosha kuifanya klachi mpya itetemeke kila ukiondoka.

Katikati ya flaiwili, kwenye mwisho wa krenki, kuna bushi ndogo ya shaba nyeusi. Ncha ya shafti ya giaboksi inakaa humo. Ikilika, shafti inacheza na klachi haikati vizuri. Ni ndogo kama pete na imezama kwenye shimo lisilo na upande wa pili, hivyo hakuna pa kuigongea. Nilijaribu kuichokonoa kwa bisibisi nikashindwa. Baba Mdogo akaniambia jaza shimo grisi, tafuta chuma cha mviringo kinachoenea kwenye tundu la bushi bila kulegea, kigonge kwa nyundo. Niligonga mara tatu, nikaongeza grisi, nikagonga tena, na bushi ikaanza kutoka yenyewe kunifuata. Nilipiga kelele. Hiyo ni kanuni ya Pascal! Nimeifundisha: kimiminika kilichofungiwa husukuma kila upande kwa kanieneo ile ile, na grisi haina pengine pa kwenda ila nyuma ya bushi. Nilimweleza Baba Mdogo kuhusu Pascal. Akauliza kama Pascal alikuwa na Land Rover.

Bushi mpya tulikuwa tumeilaza kwenye oili usiku kucha, kwa sababu shaba ya aina hiyo ina vinyweleo vinavyokunywa oili na kuitoa polepole. Tukaigonga taratibu kwa kipande cha ubao hadi ikakaa.

Kisha pleti. Pleti ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja ni bapa, na upande mwingine katikati yake umevimba, kuna kitovu chenye springi ndogo zilizojipanga kwa mduara. Baba Mdogo kwenye ndoo yake akasema, "Bonge litazame nyuma." Nikaitika. Nikaiweka, nikaweka presha pleti juu yake, nikaingiza bolti sita bila kukaza.

Hapo unatakiwa kuiweka pleti katikati kabisa, maana baada ya kukaza bolti haitasogea tena. Ikiwa imekaa pembeni hata milimita mbili, shafti itaingia kwenye meno lakini ncha haitaiona bushi, na utahangaika na giaboksi hadi jioni. Wenye vifaa hutumia shafti ya zamani iliyotolewa kwenye giaboksi iliyokufa. Sisi tulichonga mpini wa fagio, ncha nyembamba ya kuingia kwenye bushi na sehemu nene ya kuenea kwenye meno ya pleti, tukauviringisha utepe mweusi wa umeme hadi ukabana sawasawa. Ukiwa na mpini humo, kaza bolti kwa kukabiliana: hii, halafu ya ng'ambo yake, nusu mzunguko kila moja, ukizunguka zote sita. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, unapinda presha pleti.

Asubuhi iliyofuata tukainyanyua giaboksi. Beringi mpya ya klachi ilikuwa tayari kwenye uma wake, meno ya shafti tumeyapaka grisi kidogo mno, kiasi cha kung'aa tu, kwa sababu ikizidi itarukia pleti. Tukaishusha ndani ya gari kwa chenibloku, tukaisogeza mbele. Ikaingia vizuri, nikawa nafurahi, halafu ikasimama. Imebaki nafasi ya sentimita mbili kati ya kengele na injini, na haisogei.

Jirani yetu mmoja kijana, anayejifunza ufundi, alikuwa amekuja kutazama. Akasema rahisi tu, nati zinafika, zikaze zitaivuta yenyewe. Na kweli zilifika. Bolti zilikuwa zimetokeza, nati zinashika nyuzi, spana iko mkononi mwangu. Jua lilikuwa kali na mikono inatetemeka. Nilishaweka nati mbili.

"Usiivute kwa nati," Baba Mdogo akasema. Nikamuuliza kwa nini. Kama mgongo ungekuwa mzima najua angefanya nini: angenisogeza pembeni, angeitikisa mwenyewe mara mbili, ikaingia, na mimi nisingejua chochote. Mafundi wetu wengi hufundisha hivyo, "shika hapa, tazama," na ukiuliza kwa nini wanaona unajifanya. Safari hii hakuweza kuinuka. Ilimbidi atafute maneno. Alikaa kimya kidogo, akachora vumbini kwa kijiti.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Kama kila kitu kimenyooka, giaboksi itaingia kwa kusukumwa na mikono. Ikikataa, kuna kitu hakijanyooka, na nati haziwezi kunyoosha, zinaweza kulazimisha tu. Ukizikaza, shafti inakandamizwa kwa upande. Uzito wote wa giaboksi unaegemea katikati ya klachi pleti, ambayo ni bati jembamba, nayo inapinda. Au ncha ya shafti inaikata bushi. Au sikio la kengele linavunjika, kwa kuwa kengele ni ya aluminiamu. Na ubaya wenyewe ni kwamba wakati huo huo utaona imeingia. Utafunga sakafu, utafunga viti, utawasha gari, na klachi itakuwa inatetemeka au haikati, na hutajua ni kwa nini.

Kwa hiyo badala ya kukaza, tuliangalia. Nilitoa rula kwenye mkebe wangu wa hisabati nikapima nafasi kuzunguka kengele. Juu ilikuwa milimita 17, chini milimita 24. Nyuso mbili hazikuwa sambamba. Mkia wa injini ulikuwa umeshuka usiku kwa sababu jeki ilikuwa imelegea, na injini ikawa inatazama juu kidogo kwa mbele. Tukapandisha jeki taratibu. 19 kwa 22. Tena. 20 kwa 20, juu, chini, kulia na kushoto.

Bado ikakataa. Safari hii tatizo lilikuwa meno: meno ya shafti yalikuwa yanagusana na ya pleti uso kwa uso badala ya kupishana. Tiba yake ni kuizungusha shafti kidogo huku unasukuma. Weka giaboksi kwenye gia, transfa ikiwa upande wa mwendo wa kawaida, halafu zungusha kwa mkono ile dramu ya hendibreki kule nyuma, na shafti ya mbele itazunguka. Mdogo wangu akashika dramu, mimi nikaegemeza bega. Akazungusha kama anayetafuta stesheni ya redio. Ikatoa mlio mmoja mzito, tku, na kengele ikabusu injini. Nati nikazikaza kwa vidole tu hadi zote zikagusa, kisha spana.

Sasa ningeandika kwamba tulifunga kila kitu na kwenda Mang'ola. Tulifunga kila kitu. Tukajaza maji ya breki kwenye masta silinda ya klachi, tukatoa hewa, mmoja anakanyaga pedali na mwingine anafungua na kufunga nati ya kutolea hewa hadi vipovu vikaisha. Tahadhari hapa: usiweke oili ya injini humo hata kama maji ya breki yameisha dukani, mipira ya ndani itavimba yote. Tukajaza oili ya gia, lita 1.5 kwenye giaboksi na lita 2.5 kwenye transfa. Baba Mdogo akawasha. Akakanyaga klachi, akasubiri kidogo, akaingiza rivasi.

Krrrrr.

Rivasi ndiyo kipimo kizuri, kwa sababu gia za mbele za Series III zina kifaa cha kuzilainisha zikiingia ila rivasi haina. Ukikanyaga klachi, ukasubiri sekunde chache na rivasi bado inasaga, pleti haijaachia. Tukatoa hewa upya. Krrr. Nikalala chini kutazama kijiti cha ile silinda ndogo, kinasukuma vizuri kabisa. Basi kosa liko ndani. Baba Mdogo akazima gari, akashuka akishikilia mlango.

"Mama, bonge uliliweka upande gani?"

"Nyuma, kama ulivyosema."

"Nyuma ya wapi?"

Hapo nikanyamaza. Yeye aliposema nyuma alimaanisha nyuma ya gari, kule kwenye giaboksi. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya gari natazama flaiwili, pleti iko mkononi, na nyuma yake kwangu ilikuwa ule upande nisiouona, unaotazama injini. Tulitumia neno moja, kila mtu na mahali pake pa kusimama. Na pleti ile ya bei nafuu haikuwa na maandishi ya kuonesha upande wa flaiwili kama zilivyo nyingine. Nikakumbuka mwanafunzi mmoja kule field. Nilimwambia ageuze kifaa kulia, akaniuliza, "Kulia kwako au kwangu, mwalimu?" Darasa likacheka, na mimi nikamwona msumbufu.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Mkulima mmoja wa Mang'ola alikuwa ametuandalia mzigo, na hela ya mzigo ule ndiyo ilikuwa ya usajili wangu. Baba Mdogo akampigia simu mbele yangu. Hakusema mtoto amekosea. Alisema, "Gari bado, tafuta lingine." Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kidogo, nikarudi nikaanza kufungua sakafu.

Mara ya pili ilichukua siku moja na nusu badala ya nne. Mikono ilishajua njia. Tulipoitoa pleti tuliona duara linalong'aa kwenye kile kitovu, mahali kilipokuwa kinasugua vichwa vya bolti za flaiwili. Pleti isingeweza kuachia hata tungetoa hewa mwaka mzima. Baba Mdogo aliikagua kwenye mwanga, akaizungusha kwenye mpini wa fagio kuona kama inayumba. Haikuyumba. Springi zilikuwa nzima. Kama tungekuwa tumeivuta kwa nati safari ile ya kwanza, tungekuwa tunanunua nyingine, kwa hela ambayo haikuwepo.

Hii ndiyo sheria tuliyokubaliana, na naiweka hapa kwa atakayejaribu: kabla ya kuweka chochote, taja vitu kwa majirani zao. Usiseme nyuma, sema upande wa giaboksi. Usiseme kulia, sema upande wa dereva. Bonge la klachi pleti hukaa upande wa giaboksi. Niliandika kwa chaki ndani ya mlango, na maandishi bado yapo.

Tuliirudisha, ikaingia kwa dramu na bega, nyuso zikiwa 20 kwa 20 tangu mwanzo kwa sababu safari hii nilipima kabla ya kusukuma. Tukawasha. Rivasi ikaingia bila sauti. Baba Mdogo alirudi nyuma mita kumi, akaenda mbele mita kumi, akarudi tena, kama mtu anayejifunza kuendesha. Kwa siku za mwanzo hakubeba mzigo mkubwa, akaipa pleti muda wa kujilaza vizuri kwenye flaiwili. Mzigo wa kwanza wa vitunguu alipandisha nusu. Uliofuata ulikuwa kamili, na ndio ulionileta chuoni, nimechelewa wiki moja na faini ya usajili juu yake.

Zilibaki skrubu nne. Tumezihesabu na kutafuta, hatujui ni za wapi. Baba Mdogo amezitia kwenye kikombe juu ya kabati na kunisubiri, maana sakafu ya upande wa abiria inapiga kelele kila gari likipita kwenye matuta, na yeye anasema aliyeifunga ni mimi.